Rudi Nazo

Picha iliingia Alhamisi adhuhuri, Rael akiwa amejaza nusu ya chupa zake na mikono imelowa mafuta hadi vifundoni. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye kopo la sabuni, pale kwenye chumba cha kufulia juu ya paa la nyumba ya mwajiri wake, Riyadh. Aliitupia jicho tu, akidhani ni zile salamu za kuombeana ambazo wanawake wa kundi lao hutumiana kutwa nzima. Kisha akasoma maneno yaliyoandikwa chini yake. Yalitoka kwa Priscah, mteja wake wa zamani aliyekuwa amerudi Kenya.

"Rael, hii mafuta nimeiona kwa saluni moja hapa Nairobi. Ni wewe umeleta?"

Hakuwa yeye. Chupa ile ilikuwa nyeupe, ndefu, na maandishi ya kijani. Chupa za Rael zilikuwa ndogo za rangi ya kahawia, na lebo yake ilikuwa na picha. Lakini jina lilikuwa lile lile, limeandikwa kwa herufi kubwa kama mtu anayejivunia mali yake: RUDI NAZO. Rael alikaa chini kwenye sakafu yenye majimaji bila kujali nguo. Alijifuta mikono kwenye gauni, akaikuza picha, akaitazama upande huu na upande ule, kana kwamba akiikagua vya kutosha jina litajibadilisha lenyewe.

Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi ya ndani Riyadh anaweza kumcheka. Chupa ya mafuta ya nywele ndiyo ya kumkalisha mtu mzima kwenye maji? Lakini waulize wanawake waliotoka huko. Maji ya bomba yanakausha kichwa, kitambaa kinafungwa alfajiri na kufunguliwa usiku kikiwa kimeloa jasho, na nafasi ya kusukana haipo. Nywele zinaanza kutoka kando ya masikio, kisha mbele, na mtu anajikuta kila asubuhi anaokota mafungu ya nywele kwenye mto. Nyumbani nako watu hawana haya. Waliotoka Uarabuni hutambuliwa kwa mambo mawili, sanduku kubwa na kipaji cha uso kilichoongezeka.

Rael alikuwa amekuja kutoka Bomet, akaajiriwa na familia moja mtaa wa Malaz. Zake zilipoanza kutoka, alikumbuka bibi yake alivyokuwa akipaka watoto mafuta ya nyonyo. Alimwomba Josphat, dereva wa nyumba ile na Mkenya mwenzake, amnunulie nyonyo na habasoda kwa muuza dawa za asili sokoni. Alivichemsha kwa moto mdogo, akatia karafuu, akachuja kwa kitambaa. Kichwa cha kwanza kujaribiwa hakikuwa hata chake, kilikuwa cha Maureen.

Maureen alifanya kazi ghorofa ya chini katika jengo hilo hilo. Alikuwa Mluhya wa Butere, mcheshi, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Nywele zake zilikuwa zimebaki kidogo tu, na ndani ya miezi michache zilirudi, zikajaa, zikashuka mgongoni kwa msuko mmoja mnene ambao kila mtu alitaka kuushika. Siku mwenzao mmoja alipokuwa akirudi Kenya moja kwa moja, Maureen alimpa chupa ya mafuta yale na kumwambia kwa mzaha, "Ulikuja na nywele zako dada, rudi nazo." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Wiki iliyofuata Rael aliliandika jina hilo kwenye chupa. Josphat alimpiga Maureen picha kwa nyuma, msuko ukiwa umeshuka mgongoni, akaenda kuchapisha lebo kwenye duka la kadi mjini. Basi mafuta yakapata jina na kichwa.

Yaliuzika. Josphat alikuwa akiyapeleka akitoka kuwapeleka watoto shule. Maureen alipohamia Jeddah na familia aliyoifanyia kazi, aliyauza huko kwa msaada wa Eddah, msusi aliyekuwa na chumba mtaa wa Ghulail. Madam Hessa mwenyewe, mwajiri wa Rael, alikuwa akiomba chupa yake na kumwambia asiunguze sufuria. Mpango wa Rael ulikuwa wazi kichwani mwake: mkataba ukiisha mwaka ujao, arudi Kenya, afungue kiduka cha mafuta, asioshe tena vyombo vya mtu. Ndio maana picha ile ilimkalisha chini. Duka hakuwa nalo bado, wala mashine, wala gari. Alichokuwa nacho ni jina, na sasa jina lilikuwa Nairobi kwenye chupa ya mtu mwingine.

Jioni ile alimwonyesha Josphat jikoni, wakati anamwandalia chai.

"Ulishasajili?" Josphat aliuliza.

"Kusajili nini?"

"Alama ya biashara. Jina na picha yako viandikwe kwa serikali, mtu asitumie." Josphat alikoroga chai, akafikiri, kisha akatikisa kichwa. "Lakini hiyo ni ya watu wako na kiwanda, Rael. Wewe una sufuria moja juu ya paa. Ngoja ufike nyumbani, ufungue duka, uone kama watu wananunua. Halafu ndio usajili."

Maneno hayo yalimtuliza kwa muda wa kuosha vikombe viwili. Halafu alimpigia Eddah, na Eddah hakuwa mtu wa kumtuliza mtu.

"Wacha kumsikiza Josphat," Eddah alisema. Kwa nyuma ilisikika sauti ya mteja akilalamika kwamba anavutwa nywele. "Si mambo ya kiwanda. Nikuulize, watu wanasemaje wakitaka mafuta? Wanasema nipe ile mafuta ya Rael, ama wanasema nipe Rudi Nazo?"

Rael alimkumbuka mwanamke mmoja wa Dammam aliyempigia wakati wa Ramadhani, akaagiza chupa za Rudi Nazo, kisha akauliza, "Na wewe ni nani?" Rael alicheka siku hiyo. Alijisikia mkubwa.

"Wanaita jina," alisema.

"Basi siku walianza kuita jina na hawakujui, hiyo ndio siku ungesajili. Umechelewa, lakini si sana. Mwenye saluni kama ni mjanja, ataenda kabla yako, na ukifika Kenya na sanduku lako la chupa, wewe ndio utaambiwa umeiba."

Eddah alikuwa na binamu karani kwa wakili fulani Nairobi. Alimuuliza, akarudi na majibu. Karatasi ni za kujaza, kutia sahihi kwa wino, na kuambatisha lebo. Mtu yeyote anaweza kuzipeleka. Anayetangulia ndiye anayekaa mbele ya wengine kwenye foleni. Na bahati ikawa nzuri, Eddah akaongeza: Maureen amepewa eksiti ya mwisho, ruhusa ya kuondoka nchini kabisa, anarudi Kenya Ijumaa ijayo kwa ndege ya jioni.

Hapo sasa ndipo usingizi ulipompotea Rael kabisa. Kupeleka kwa mkono wa mtu. Alikuwa na kidonda mahali hapo.

Mshahara wake wa miaka ya kwanza, alimtumia kaka yake Noah anunue shamba. Kwa kuwa yeye hakuwepo, Noah alisema, "Tuandike jina langu kwa sasa. Ukija tunabadilisha." Si Noah peke yake anayesema hivyo. Ukikaa na wanawake wa Kenya Riyadh hadi chai ikaisha, utamsikia kila mmoja ana "kwa sasa" yake: shamba kwa jina la kaka, pikipiki kwa jina la mume, nyumba kwa jina la mama mkwe. Rael alipoenda likizo alikuta mke wa Noah amezungusha ua na kupanda chai. Noah alimwambia bila hata kupepesa macho kwamba hati ina jina lake, na yeye Rael ni wa kuolewa, shamba la nini. Alirudi Riyadh akiwa amekula kiapo kwamba kitu chake hakitaandikwa tena jina la mtu mwingine, hata kwa siku moja.

Shule zilifungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, na familia ikafunga safari ya Jeddah kama kawaida yao, watoto wakaogelee. Rael alipakia sanduku la nguo, sanduku la vyakula, na begi lake dogo lenye lebo tatu safi alizozifunika kwa gazeti zisikunjike. Njia nzima, jangwa likipita dirishani, alikuwa akiligusa begi kwa mguu. Walifikia nyumba ya kupanga Al-Baghdadiyah, karibu na bahari. Kazi ya kwanza ilikuwa kuosha sakafu ambayo mtu mwingine aliiosha asubuhi hiyo hiyo.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alimkabili Madam Hessa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Riyadh.

"Madam, Maureen wa ghorofa ya chini anarudi kwao leo. Naomba nikamuage."

Madam alimtazama, akamtazama na mtoto aliyekuwa amelala kifuani pake. "Saa moja. Josphat akupeleke na akungoje. Saa moja tu, Rael, halas."

Chumba cha Eddah huko Ghulail kilikuwa juu ya duka la viatu. Kilinuka nywele bandia na chai ya tangawizi. Maureen alikuwa ameketi kwenye kigoda, na Eddah amesimama nyuma yake akimsuka kwa ajili ya safari, msuko mmoja kama ule wa kwenye lebo. Mlangoni lilisimama sanduku limefungwa kwa kamba ya buluu, limejaa hadi limevimba. Kila aliyekuwa na mtu nyumbani alikuwa ameingiza kitu humo, maana ndivyo wanavyofanya. Anayerudi hubebea wote.

"Rael wangu!" Maureen alinyoosha mikono bila kugeuza kichwa. "Karibu, wacha nisivutwe."

Walikumbatiana hivyo hivyo, Rael akiwa amechutama. Alifurahi kumwona, furaha ya kweli, na wakati huo huo hofu ilikuwa inamtafuna. Jina hili alilitoa Maureen. Picha ni ya Maureen. Je, Maureen mwenyewe anaonaje moyoni? Hakuwahi kumuuliza. Alitoa karatasi ambazo Eddah alikuwa ameshazichapisha, akaziweka kwenye meza.

Maureen aliziinamia, akasoma polepole. "Sasa hapa kwa mwenye alama," alisema, "si ungeweka tu jina langu? Mimi ndio nitakuwa huko wakiuliza maswali. Wewe uko huku, kibali chako cha ikama ni cha huku, simu haishikiki. Weka langu kwa sasa, ukija tunabadilisha."

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayejitolea kukubebea mfuko. Lakini Rael alisikia sauti ya Noah. Eddah, aliyeujua ule mkasa wa shamba, aliacha kusuka.

"Nitaandika langu," Rael alisema.

"Sawa tu. Nilikuwa nasema kwa urahisi."

Aliandika. Rael Chepngeno. Alikandamiza kalamu hadi maandishi yakatokea upande wa pili. Alitia sahihi kila mahali palipotakiwa, akaziingiza kwenye bahasha pamoja na lebo, akampa Maureen, na bado mkono wake ulichelewa kuachia.

"Utapeleka lini?"

"Nafika kesho asubuhi, na ni Jumamosi. Ofisi zimefungwa. Nilikuwa nataka nipande basi moja kwa moja niende Butere nimwone mama. Hizi siku hajisikii vizuri, miguu imefura, kila siku anauliza nimefika wapi. Wiki ijayo nitarudi Nairobi kuchukua mizigo ya watu, nipeleke na hii."

"Wiki ijayo?"

"Ama ile ingine. Siwezi kosa kupeleka, Rael."

Rael aliiona ile chupa nyeupe. Alimwona mwenye saluni, mwanamke asiyemjua, akipanda ngazi za ofisi na karatasi kama hizi. "Maureen, wiki ijayo itakuwa ya mtu mwingine. Lala Nairobi kwa binamu yako. Jumatatu asubuhi upeleke, halafu uende. Nakuomba."

"Mama ananingoja, dada."

"Mama yako amekuwa mgonjwa tangu tuko Malaz," Rael alisema. "Siku mbili hazitamfanya kitu."

Eddah alimtazama juu ya kichwa cha Maureen. Chini, honi ya Josphat ililia. Maureen alikaa na bahasha mapajani, akiinyoosha pembe iliyokunjika. Mwishowe alisema, "Sawa. Jumatatu." Kisha akacheka kidogo ili mambo yawe mepesi. "Mimi ndio nilikupea jina, sasa hata kulibeba ni mimi. Nikifika nitakutumia picha."

Walikumbatiana tena mlangoni. Rael alimwambia, kama walivyozoea kuambiana, "Ulikuja nazo, rudi nazo," na Maureen akajipiga kwenye msuko wake mpya kama mtu anayelinda pochi sokoni.

Jumatatu Rael alikuwa amerudi Malaz. Alikuwa akipiga pasi na simu iko mfukoni mwa aproni, imewekwa itikisike. Ilitikisika mara nyingi, na kila mara ilikuwa kitu kingine. Mchana alimwandikia Maureen: "Umefika ofisi?" Tiki moja. Aliongeza: "Niambie tu hata neno moja." Tiki moja. Jioni alipiga, na sauti ya mashine ikamjibu kwamba mteja hapatikani.

Jumanne aliunguza wali. Madam Hessa aliingia jikoni, akafungua dirisha, akamuuliza kama anaumwa. Rael alisema mafi mushkila, hakuna shida, na akasugua sufuria hadi vidole vikauma. Josphat alimwambia simu za Kenya huisha chaji, huibiwa, huzamishwa na watoto kwenye ndoo. Rael aliitikia kila sababu kwa kichwa na hakuamini hata moja. Kichwani mwake lilikuwa likizunguka neno moja tu. Kwa sasa. Kwa nini Maureen alitaka jina lake liandikwe? Angewezaje kulisema kwa wepesi vile, kama hakuwa amelifikiria kabla? Karatasi si zilikuwa mkononi mwake, na lebo, na kichwa cha kwenye lebo ni chake mwenyewe? Angenunua karatasi nyingine, ajaze upya, atie sahihi yake. Karani atamwangalia yeye, ataiangalia picha, atasema kweli huyu ndiye mwenyewe.

Kadiri siku zilivyopita, wazo hilo liliacha kuwa wazo. Likawa jambo lililokwisha kutokea. Rael alimwona Maureen akilifanya, alimwona hadi kalamu aliyoishika.

Alimpigia Eddah. "Nipe namba ya binamu ya Maureen."

"Sina. Ngoja, Rael. Usifanye kitu. Maureen si mtu wa hivyo."

"Hata Noah hakuwa mtu wa hivyo."

"Ngoja tu hadi wiki iishe. Nakuomba."

Hakungoja. Ijumaa, saa ya watu wote kushika simu, familia ikiwa imekwenda kwa bibi yao na nyumba imetulia, alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha kufulia, akaandika kwenye kundi. Kundi hilo lilikuwa na wanawake wa Riyadh, Jeddah, Dammam, hata waliokwisha kurudi Kenya. Aliandika: "Ladies, mjihadhari na Maureen wa Butere. Nilimwamini na karatasi za biashara yangu akaenda nazo na amezima simu. Kama ulimpa mzigo akupelekee nyumbani, ulizia mapema." Akaweka picha ya Maureen, ile ya uso, anacheka. Akatuma kabla mkono haujafikiri mara ya pili.

Majibu yalimiminika. Kila mtu alikuwa na mzigo kwenye sanduku lile la kamba ya buluu, na kila mtu alishtuka. Mmoja aliandika kwamba hata yeye aliwahi kumwona si wa kuaminika. Mwingine alimwachia Mungu amlipe. Mwingine, ambaye Rael hakumjua kabisa, alimtukana Maureen tusi la mama. Rael alisoma yote. Kwa saa nzima alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetapika. Halafu wepesi ulimwisha, ikabaki ladha mbaya mdomoni.

Maureen alijitokeza katikati ya wiki iliyofuata. Rael alikuwa juu ya paa, amejaza chupa kwa oda ya Dammam, na Josphat alikuwa ameshuka kuwasha gari. Kwanza ilikuja picha ya risiti ya ofisi. Ilikuwa na mhuri, na tarehe ya Jumatatu ile ile. Kwenye mstari wa mwenye alama palikuwa na jina ambalo Rael hakuwahi kuliona kwenye karatasi yoyote ya mali katika maisha yake: Rael Chepngeno.

Alipiga kelele. Aliruka kweli, mtu mzima, chupa moja ikaanguka, ikavunjika na kumwagika. Kisha akakumbuka alichokiandika Ijumaa.

Chini ya picha palikuwa na sauti. Aliibonyeza.

"Rael, ni mimi. Pole kwa kunyamaza, simu ilizima nikakosa nguvu ya kuiwasha. Ile kitu yako nilipeleka Jumatatu, ofisi ikifunguliwa nilikuwa mlangoni. Karani wa pale alitafuta kwanza kama kuna mtu ameomba hilo jina. Hakuna. Hata huyo wa saluni hakuwa anajua mambo ya kusajili." Maureen alikohoa. Nyuma yake kuku walilia, na mtu akaita watoto. "Jioni nikapanda basi. Asubuhi nafika kwetu, naona watu wamejaa kwa boma, na viti vya kukodi. Mama alienda Jumapili. Hawakuniambia kwa simu, walisema wangoje nifike, wewe unajua vile wanatufanyanga sisi watu wa nje. Dada yangu anasema Jumamosi yote alikuwa anauliza kama basi limefika. Wakamwambia niko Nairobi. Akauliza, anafanya nini Nairobi? Hawakujua wamjibu nini."

Rael aliisimamisha sauti. Aliyasikia maneno yake mwenyewe ndani ya chumba cha Ghulail, jinsi alivyoyasema bila hata kupunguza sauti. Siku mbili hazitamfanya kitu. Na jina lingeweza kungoja. Lingengoja wiki ile, na ile nyingine, hakuna mtu aliyekuwa nyuma yake.

Alifungua kundi kwa vidole vyenye mafuta. Maneno yake ya Ijumaa yalikuwa bado pale juu, na matusi chini yake, kwenye simu za watu wote hao, na hakuna njia ya kuyatoa. Aliandika, akakosea, akafuta, akaandika tena: "Maureen alipeleka karatasi zangu kama alivyoahidi. Nilimsingizia. Nilimlazimisha alale Nairobi kwa ajili ya biashara yangu, na mama yake akafa akimngoja. Mwenye tusi anitukane mimi." Alituma. Kwa mara ya kwanza tangu kundi hilo lianzishwe, hakuna aliyejibu upesi.

Ndipo akarudi kwenye sauti iliyobaki. Ilikuwa fupi.

"Yenye uliandika nimeyasoma. Siwezi kukasirika saa hii, sina nafasi. Labda baadaye. Tumemzika Jumamosi, na jana tumenyolewa, watoto wote wa mama, ndivyo sisi hufanya. Usinitumie chupa." Kuku walilia tena, na Rael akadhani imekwisha. "Lakini ile picha ya kwa lebo uiache tu, ishaandikwa. Karani aliniuliza, huyu mwenye nywele ni nani? Nikageuka nikamwonyesha kisogo. Akacheka sana. Siku hiyo bado nilikuwa nazo."

Rael aliinama, akaanza kuokota vigae vya chupa iliyovunjika, kimoja kimoja, lebo ikiwa imeshikilia viwili visiachane. Huko chini Josphat alipiga honi, akingojea mzigo wa Dammam.